Kuisaka sayari ndani ya mwendo wa gesi

Nyota changa haizaliwi peke yake. Wingu la gesi na vumbi linapojikunja kwa mvutano wake lenyewe, sehemu kubwa huangukia katikati na kuwa nyota, na kinachobaki hutandazika kuizunguka na kuwa diski pana. Ndani ya diski hiyo ndimo sayari hujengeka, katika kipindi cha miaka milioni chache. Karibu asilimia 99 ya uzito wa diski ni gesi, na vumbi ni kama asilimia 1 tu. Hata hivyo, kwa muda mrefu diski zilisomwa zaidi kupitia lile vumbi, kwa kuwa ndilo linaloonekana kwa urahisi kwenye darubini. Kuigeukia gesi, na hasa kupima inakokwenda na kwa kasi gani, ni kazi ya miaka ya karibuni. Imewezekana kwa sababu ya darubini ya ALMA iliyoko Chile na kundi dogo la programu huria za kompyuta. Inayojulikana sana kati ya hizo ni eddy, iliyoandikwa na mwanaastronomia Richard Teague na kutangazwa rasmi mwaka 2019.

Umuhimu wa gesi huonekana mtu akiitazama picha ya nyota HL Tau, iliyotolewa na ALMA mwaka 2014. Nyota hiyo iko umbali wa takriban miaka ya nuru 450, na diski yake ilionekana ina pete angavu zinazotenganishwa na mapengo meusi. Wengi waliona mara moja kwamba kila pengo limechimbwa na sayari. Huenda ndivyo. Lakini pengo katika vumbi linaweza pia kuletwa na mambo mengine, kwa mfano mahali ambapo mvuke wa maji au gesi nyingine huganda na kubadili tabia ya chembe za vumbi, au nguvu za sumaku zinazoipanga gesi upya. Picha ya vumbi huonyesha matokeo bila kumtaja aliyeyasababisha. Gesi ni shahidi bora zaidi, kwa kuwa sayari kubwa haiwezi kusafiri ndani yake bila kuivuta, na mvuto huo huacha alama katika kasi.

Gesi iliyo nyingi zaidi katika diski ni haidrojeni, ila molekuli zake zikiwa baridi hazitoi mnururisho unaopimika kirahisi. Kwa hiyo wataalamu hutegemea kaboni monoksaidi. Kwa kila molekuli 10,000 za haidrojeni kuna kama molekuli moja tu ya kaboni monoksaidi, lakini hiyo moja hutoa mawimbi ya redio kwa masafa yanayojulikana kwa usahihi mkubwa: gigahezi 230.538 kwa mstari mmoja wa spektra, na gigahezi 345.796 kwa mwingine. Gesi inayoijia Dunia huleta mawimbi yenye masafa ya juu kidogo, na inayoikimbia huleta yenye masafa ya chini kidogo. Ni kanuni ileile inayofanya honi ya basi lililo kasini isikike nyembamba likija na nzito likishapita. Athari hiyo huitwa athari ya Doppler, na ndiyo msingi wa kila programu itakayotajwa hapa.

Ukubwa wa kazi hueleweka kwa mfano wa nyota HD 163296, ambayo pengine ndiyo iliyochunguzwa kwa undani kuliko zote katika fani hii. Iko umbali wa miaka ya nuru 330 hivi, katika kundinyota la Mshale, na uzito wake ni kama mara mbili ya Jua. Gesi iliyo mbali nayo mara 100 kuliko Dunia ilivyo mbali na Jua huizunguka kwa kasi ya takriban kilomita 4.2 kwa sekunde, na humaliza mzunguko mmoja kwa miaka 700 hivi. Hakuna awezaye kukaa akaungoja mzunguko huo ukamilike. Lakini diski imeinama kama nyuzi 47 kwa mtazamaji wa duniani, hivyo upande mmoja wake unamjia kwa kilomita 3 kwa sekunde na upande wa pili unamkimbia kwa kiasi hichohicho. Kasi hiyo husogeza masafa kwa megahezi 2 na ushei, jambo ambalo vipokezi vya ALMA hulipima bila shida.

Ugumu uko kwingine. Sayari yenye uzito wa Mshtarii huibadili kasi ya gesi iliyo jirani kwa asilimia chache tu, yaani mita makumi kadhaa au mia kwa sekunde. Wakati huohuo, joto pekee, hata la nyuzi 30 tu juu ya sifuri halisi, huzifanya molekuli za kaboni monoksaidi zitikisike kwa kasi ya mita 130 hivi kwa sekunde, na kuutanua mstari wa spektra kwa kiasi hicho. Kinachotafutwa basi ni kujua kitovu cha mstari huo kwa kosa lililo dogo kuliko upana wa mstari wenyewe. Hapo ndipo darubini peke yake haitoshi.

ALMA ina antena 66, kati ya hizo 54 zina kipenyo cha mita 12 na 12 zina kipenyo cha mita 7. Zimewekwa katika uwanda wa Chajnantor, jangwa la Atacama, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni kavu mno na mvuke wa maji hauyamezi mawimbi haya. Antena zinaweza kutawanywa hadi kilomita 16 kutoka moja hadi nyingine, na kadiri zinavyotawanyika ndivyo picha inavyoonyesha mambo madogo zaidi. Hazipigi picha kwa namna ya kamera. Kila jozi ya antena hupima sehemu moja ndogo ya taarifa kuhusu anga, na antena 40 tu hutoa jozi 780. Kuzigeuza taarifa hizo kuwa picha ni kazi ya programu kubwa iitwayo CASA, ambayo ndani yake bado kuna njia ya kusafisha picha iliyobuniwa na Jan Högbom mwaka 1974. Zao lake ni mchemraba wa data. Pande mbili za mchemraba huo ni anga, na upande wa tatu ni kasi, kwa hiyo kila pikseli ina spektra yake.

Hatua ya kwanza ya upimaji ni kuuliza kila pikseli: gesi iliyoko hapa ina kasi gani? Jibu la zamani lilikuwa kuchukua wastani wa kasi zote katika spektra, kila moja kwa uzito wa mwangaza wake. Njia hiyo ni rahisi lakini huyumba. Diski si bapa kama karatasi, bali ina uso wa mbele na uso wa nyuma, na mara nyingi mwanga wa uso wa nyuma hupenya na kuingia katika spektra ileile na kuuvuta wastani pembeni. Mwaka 2018 Teague na Daniel Foreman-Mackey walipendekeza njia nyingine. Inatafutwa sehemu ya spektra iliyo angavu kuliko zote, pamoja na jirani yake wa kushoto na wa kulia. Mkunjo wa parabola hupitishwa katika nukta hizo tatu, na kilele chake huchukuliwa kuwa kasi ya gesi. Kilele hicho kinaweza kuangukia katikati ya sehemu mbili za spektra, ndiyo maana usahihi unaopatikana ni mzuri kuliko hatua za kipimo chenyewe. Programu yao, bettermoments, hutoa pia makadirio ya kosa kwa kila pikseli. Makadirio hayo yana thamani sawa na ramani yenyewe, kwa sababu hatua zote zinazofuata huyategemea.

Ramani ya kasi ikishapatikana, eddy huanza kazi. Huitengeneza ramani ya kubuni ya diski inayozunguka kwa kanuni ya Kepler, yaani kasi inayopungua kwa kipeuo cha pili cha umbali kutoka kwenye nyota, kisha huilinganisha na ramani iliyopimwa. Vinavyotafutwa ni mahali ilipo nyota hasa, uzito wake, pembe ya mwinamo wa diski, upande ulikoelekea mhimili wake, na kasi ambayo mfumo wote unasogea kulinganisha na Jua. Badala ya kutoa jibu moja na kunyamaza, programu hutumia maktaba iitwayo emcee, iliyochapishwa mwaka 2013, ambayo hujaribu maelfu ya michanganyiko ya thamani na kuonyesha ipi inakubaliana na data na kwa kiwango gani cha uhakika. Mtumiaji huona wazi, kwa mfano, kwamba uzito wa nyota na pembe ya mwinamo hufungamana: nyota nzito yenye diski iliyolala kifudifudi inaweza kutoa ramani inayokaribiana sana na ya nyota nyepesi yenye diski iliyosimama zaidi.

Umbo la diski nalo lazima liingizwe. Mwanga wa kaboni monoksaidi hautoki katikati ya diski bali juu, kwenye tabaka ambalo katika diski nyingi huinuka hadi karibu theluthi moja ya umbali kutoka kwenye nyota. Uso huo huzidi kuinuka kadiri mtu anavyoelekea nje, kisha huporomoka mwishoni ambako gesi inaadimika. Mwanaastronomia akisahau mwinuko huo, kila pikseli huhesabiwa kuwa mahali pasipo pake, na kasi iliyo sahihi huandikwa kwenye anwani isiyo sahihi. Programu ndogo iitwayo disksurf huuchora uso huo moja kwa moja kutoka kwenye data, kwa kufuata mahali mwanga wa uso wa mbele unapotokea katika kila picha ya kasi. Aina tofauti za kaboni monoksaidi, zenye atomu nzito zaidi za kaboni au oksijeni, hutoka kwenye tabaka la chini zaidi, hivyo diski moja inaweza kupimwa katika vina mbalimbali.

Njia nyingine ya eddy ni bora zaidi pale kasi ndogo zinapotafutwa. Diski hukatwa katika pete nyembamba. Ndani ya pete moja gesi yote, kwa kukadiria, ina joto na mwangaza ule ule, na spektra za pikseli zake hutofautiana kwa jambo moja tu, nalo ni sehemu ya kasi inayoelekea kwa mtazamaji. Programu hukisia kasi ya mzunguko, huzirudisha spektra zote mahali pake kulingana na kisio hicho, na kuzipanga moja juu ya nyingine. Kisio kikiwa sahihi zote hulingana, na mstari unaopatikana huwa mwembamba na laini. Kisio kikikosea, mstari hutanuka na kuwa na mikwaruzo. Mamia ya pikseli yakiungana hivyo, kasi ya pete hujulikana kwa kosa la mita chache tu kwa sekunde. Uzuri wa njia hii ni kwamba haihitaji kudhani kuwa gesi inafuata kanuni ya Kepler. Kasi husomwa ilivyo.

Na kasi hiyo haifuati kanuni ya Kepler kikamilifu, kwa sababu gesi ina shinikizo. Shinikizo likipungua kuelekea nje, huisaidia gesi kujishikilia dhidi ya mvuto wa nyota, nayo huzunguka polepole kidogo kuliko sayari ingezunguka mahali hapo. Shinikizo likipanda kuelekea nje, gesi huenda mbio zaidi ya kawaida. Sayari inayochimba pengo katika gesi husababisha yote mawili: kwenye ukingo wa ndani wa pengo gesi hupungua kasi, na kwenye ukingo wa nje huongeza. Mahali kasi inapovuka kutoka juu ya kiwango cha Kepler kwenda chini yake ndipo penye kilele cha shinikizo, na chembe za vumbi hukusanyika hapo. Kwa hiyo, kipimo cha kasi cha asilimia chache kinaeleza kwa nini pete za vumbi ziko zilipo.

Mwezi Juni 2018 kanuni hizo zilizaa matunda hadharani. Teague na wenzake walisoma kasi za gesi katika diski ya HD 163296 na kukuta mabadiliko ya shinikizo yanayoelezeka kwa sayari mbili zenye uzito unaokaribia Mshtarii, zikiwa mbali na nyota mara 83 na mara 137 ya umbali wa Dunia na Jua. Siku zilezile Christophe Pinte na kundi lake walichapisha ushahidi wa sayari ya tatu katika diski hiyohiyo, nje zaidi, kwenye mara 260 ya umbali huo, yenye uzito kama wa Mshtarii mara mbili. Njia yao ilikuwa tofauti. Walitazama picha za kasi moja moja na kuona mahali pamoja ambapo ukingo wa gesi umepinda bila sababu ya kawaida, kisha wakalinganisha na uigizaji wa kompyuta wa diski yenye sayari. Mwaka uliofuata Pinte alionyesha mpindo wa namna hiyo katika diski ya HD 97048. Njia ya pete huona pengo linaloizunguka nyota yote, lakini hukosa kusema sayari iko upande gani; njia ya mpindo huonyesha mahali penyewe.

Kuna kitu ambacho pengine ni kizuri kuliko kupata sayari. Kasi inayopimwa ni mchanganyiko wa sehemu tatu: mzunguko, mwendo wa kuingia au kutoka, na mwendo wa kupanda au kushuka. Kila sehemu hubadilika kwa namna yake mtazamaji anapozunguka pete, hivyo zinaweza kutenganishwa. Oktoba 2019, katika jarida la Nature, Teague, Jaehan Bae na Edwin Bergin walionyesha kuwa katika diski ya HD 163296 gesi humiminika kutoka juu kuelekea katikati ya diski katika sehemu tatu, zinazolingana na mapengo yaliyodhaniwa kuwa na sayari. Wanadharia walikuwa wametabiri mtiririko huo kwa miaka mingi. Ni muhimu kwa sababu gesi inayoshuka inaweza kuwa chakula cha sayari inayokua, ikiifikishia kemikali za tabaka la juu badala ya zile za katikati.

Matokeo yote haya, hata hivyo, ni mabaki ya kutoa. Kwanza hukadiriwa mwendo wa kawaida, kisha hutolewa kwenye ramani, na kinachosalia huitwa ugunduzi. Mabaki hayawezi kuaminika kuliko kilichotolewa, na hapa ndipo msomaji wa makala za kitaalamu anapaswa kuwa makini zaidi. Kitovu cha nyota kikikosewa kwa sehemu ndogo ya pikseli, ramani ya mabaki huota madoa mawili, jekundu na bluu, yanayofanana kabisa na dalili ya sayari iliyo karibu na nyota. Mwinuko wa uso ukikosewa, hutokea mikono minne ya rangi. Diski ya ndani ikiwa imepindika kuliko ya nje, mpindo huo huonekana kama gesi inayoporomokea nyota. Tena, picha ya ALMA haina ukali usio na kikomo: kwa diski iliyo umbali wa miaka ya nuru 330, ukali wa sehemu 1 kwa 10 ya sekunde ya pembe huchanganya gesi iliyoenea kwa mara 10 ya umbali wa Dunia na Jua. Karibu na nyota, ambako kasi hubadilika haraka, mchanganyiko huo hupotosha kipimo waziwazi, na wachambuzi waangalifu huyakata maeneo hayo kabla ya kuanza. Hilo lahitaji kusifiwa, kwa sababu maeneo yanayokatwa ndiyo yenye msisimko zaidi.

Njia ya kupunguza hatari hiyo ni kutosheka kidogo na ramani na kurudi kwenye mchemraba wenyewe. Programu ya Discminer, iliyotangazwa mwaka 2021 na Andrés Izquierdo na wenzake, huigiza spektra nzima katika kila pikseli: mwangaza wake, upana wake, uso wa mbele na wa nyuma kwa pamoja. Kazi ya kompyuta ni kubwa zaidi, lakini mabaki hutokea katika vitu vitatu kwa wakati mmoja, nayo dalili inayoonekana katika kasi na vilevile katika upana wa mstari ni ngumu kuikanusha. Kwa njia hiyo, mwaka 2022 Izquierdo aliitambua tena ile sayari ya mbali ya HD 163296, kwenye mara 261, na kuongeza nyingine inayoshukiwa kuwa kwenye mara 94. Kwamba njia mbili zenye fikra tofauti zilielekeza karibu mahali pamoja ni ushahidi mzito kuliko takwimu yoyote ya uhakika ndani ya programu moja.

Upana wa mstari una habari yake. Ukishatoa sehemu inayoletwa na joto, kinachobaki ni msukosuko wa gesi. Kabla ya vipimo hivyo, nadharia nyingi zilidhani gesi ya diski inasukasuka sana, kwa kuwa bila hivyo ilikuwa vigumu kueleza inavyoiangukia nyota. Kevin Flaherty na wenzake walipoipima HD 163296 waliona msukosuko dhaifu, sehemu ndogo tu ya kasi ya sauti. Katika diski ya DM Tau waliukuta una nguvu zaidi. Tofauti hiyo bado inawasumbua wanadharia.

Nyingi ya programu hizi zimeandikwa kwa lugha ya Python na hutolewa bure, msimbo wake ukiwa wazi kwa kila mtu kuukagua na kuurekebisha. Data za ALMA nazo, kwa kawaida, hufunguliwa kwa wote baada ya mwaka mmoja wa haki ya waliozipata. Mchanganyiko huo una maana kubwa kwa vyuo visivyo na darubini. Mwanafunzi wa fizikia mwenye kompyuta ya kawaida na intaneti anaweza kupakua mchemraba wa HD 163296, kuupima, na kupata majibu yanayoweza kulinganishwa na yaliyochapishwa. Kuna nyanja chache za sayansi ambazo mlango wake uko wazi kiasi hicho.

Mradi mkubwa zaidi wa aina hii hadi sasa ni exoALMA, unaoongozwa na Teague pamoja na Myriam Benisty, Stefano Facchini, Misato Fukagawa na Pinte. Umezisoma diski 15 kwa kutumia programu kadhaa sambamba, na matokeo yake ya kwanza yalichapishwa kwa wingi mwaka 2025. Pete nyingi za vumbi zilikutwa palepale ambapo kasi ya gesi inaonyesha vilele vya shinikizo, jambo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa dhana inayokubalika bila kupimwa katika diski nyingi kwa pamoja. Vipimo vya mzunguko vilikuwa vizuri kiasi kwamba katika baadhi ya diski mvuto wa gesi yenyewe ulionekana ukiongezea ule wa nyota, na uzito wa diski ukapatikana bila kukisia wingi wa kaboni monoksaidi. Sayari zinazoshukiwa ni suala jingine. Katika diski ya nyota PDS 70 sayari mbili zilipigwa picha moja kwa moja, zikatangazwa mwaka 2018 na 2019, na mwendo wa gesi unaweza kusomwa huku mtu akijua zilipo. Kwa sayari zinazodaiwa kuwa ndani ya diski ya HD 163296, ushahidi ungali ule wa gesi.